Bakteria kwenye koo la mtoto asiyeumwa: jinsi ya kuendesha upimaji shuleni

Swali gumu kuliko yote katika kazi hii huulizwa siku ya kurudisha majibu. Mama ameshika karatasi ya mwanawe, anakutazama usoni, anasema: "Umeniambia ana wadudu kooni. Mbona tena unasema nisimpe dawa?" Mara ya kwanza nilipoulizwa hivyo sikuwa nimejiandaa. Nilibabaika na maneno ya maabara mpaka yule mama akaondoka amekunja uso, na baadaye nikasikia alipitia duka la dawa akanunua amoksilini. Tangu siku hiyo kila upimaji ninaoshiriki tunauanzia mwisho: tunaandika kwanza tutamwambia nini mzazi wa mtoto aliyekutwa na bakteria, ndipo tunaagiza vifaa.

Mwongozo huu ni wa mteknolojia wa maabara, muuguzi, mwanafunzi wa udaktari au afisa afya anayetaka kujua ni watoto wangapi wa shule za msingi katika eneo lake wanabeba streptokoka wa kundi A kooni bila kuumwa. Ofisi ninazozitaja ni za Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda, kazi ya kooni na ya maabara ni ileile, mihuri tu ndiyo hubadilika.

Unayemtafuta ni nani

Jina lake la kitaalamu ni Streptococcus pyogenes. Kuitwa "kundi A" kunatokana na Rebecca Lancefield, mwanasayansi wa Marekani ambaye mwaka 1933 aliwagawa streptokoka kwa kufuata kemikali zilizo kwenye ukuta wa seli zao. Huyu ndiye chanzo kikuu cha mafindofindo yatokanayo na bakteria. Kwa watoto wachache, wiki mbili au tatu hivi baada ya koo kupona, kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe: goti linavimba, likipoa kinavimba kifundo cha mguu, na valvu za moyo huanza kujeruhiwa. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Mtaani wengi huita baridi yabisi maumivu yoyote ya viungo, kwa hiyo usishangae mzazi akikujibu kwamba hata bibi yake anayo.

Mbebaji ni mwingine kabisa. Bakteria wamekaa kooni, mtoto anacheza mpira, hana homa, na kinga yake haijashtuka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics ulikadiria kwamba watoto wenye afya wanaobeba bakteria huyu ni karibu 12 katika kila 100. Mbebaji anaweza kukaa naye kwa miezi, hamwambukizi mwenzake kirahisi kama anavyofanya mgonjwa, na hatari ya yeye kupata homa ya rumatiki ni ndogo sana.

Sasa kwa nini tuhangaike kuwapima? Kwa sababu bila namba hii, daktari wa eneo lako hawezi kusoma vizuri hata majibu ya wagonjwa. Chukua mfano. Watoto 100 wamefika zahanati wakilalamika koo, na 25 kati yao wamekutwa na kundi A. Ukidhani wote 25 wanaumwa kwa ajili ya bakteria huyu, umekosea. Kama mtoto 1 katika kila 10 hapo mtaani ni mbebaji, basi hata wale ambao koo lao limewashwa na virusi vya mafua, 1 katika 10 atatoa jibu la "yupo". Ukipiga hesabu utaona wenye ugonjwa wa kweli ni kama 17, na 8 ni wabebaji wenye mafua tu. Sababu ya pili ni chanjo. Wanaoitengeneza wanahitaji kujua ni aina zipi za bakteria huyu zinazozunguka, na aina zilizokwishatambuliwa kwa jeni ya protini M, protini iliyo juu ya seli yake, ni zaidi ya 200. Chanjo inayozingatia aina za nchi nyingine inaweza isitufae.

Hatua ya 1: Andika jibu kabla ya swali

Kaa na daktari wa watoto mwandike karatasi moja, upande mmoja tu, yenye maamuzi haya.

Mtoto mzima wa afya aliyekutwa na bakteria hapewi antibiotiki. Hata penisilini, inayomuua bakteria huyu vizuri kwa mgonjwa, mara nyingi hushindwa kumng'oa kwa mbebaji. Ukitibu wote, unagawa dawa kwa watoto wasioumwa, unalisha usugu kwa bakteria wengine waliomo tumboni na kooni, na unaweza kumpata mmoja mwenye mzio mkali wa penisilini. Hasara ni nyingi kuliko faida.

Wapo wanaotengwa na kanuni hiyo, na lazima muwaandike kwa majina ya hali zao: mtoto aliyewahi kuugua homa ya rumatiki au mwenye ndugu wa nyumba moja mwenye ugonjwa huo, nyumba ambayo mafindofindo yanazunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kukoma, na shule au kambi yenye mlipuko wa homa ya rumatiki, wa ugonjwa wa figo unaofuata maambukizi haya, au wa maambukizi mazito ya kundi A. Hawa wanapelekwa kwa daktari, naye ndiye anayeamua. Timu ya upimaji haibebi sindano.

Jambo la tatu ni la watoto wote, waliokutwa na wasiokutwa: mtoto akipata koo linalouma pamoja na homa, afike kituo cha afya mapema. Utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wa kambi ya Warren huko Wyoming, Marekani, kuanzia mwaka 1949 ndio ulioonyesha kwamba penisilini ikitolewa kwa wagonjwa wa koo huzuia homa ya rumatiki, na mpaka leo inakubalika kwamba inafaa hata ikianza siku ya 9 tangu koo kuanza kuuma. Hiyo namba 9 iwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi yenu.

Hatua ya 2: Vibali, na maneno ya kuwaambia wazazi

Kibali cha maadili kinatoka kwenye kamati ya taasisi yako na kwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha barua hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu msingi, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, na mwisho mwalimu mkuu. Usiruke hata mmoja kwa kuwa unamfahamu aliye juu yake. Mwalimu mkuu anayeona gari limeingia uwanjani bila barua anao uwezo wa kukurudisha, na atakuwa sahihi. Kama sampuli zitatoka nje ya nchi, mkataba wa kusafirisha sampuli uombwe mapema, kwa sababu ndio huchelewa kuliko vyote.

Ratiba nayo ina miiba. Mtihani wa darasa la saba huwa Septemba, kwa hiyo Agosti utawakuta walimu hawana nafasi na wewe. Nyanda za juu, Juni hadi Agosti ni baridi na watoto wengi wana mafua. Ukipima miezi hiyo peke yake usije ukaandika namba yako kana kwamba ni ya mwaka mzima.

Mkutano wa wazazi ndio utakaokuokoa au kukuangusha. Wengi watakumbuka kijiti cha puani cha wakati wa UVIKO-19, na watauliza kama ndicho hicho. Wazee wanaweza kutaja mumiani kwa utani ulio nusu kweli. Ila hofu niliyoikuta mara nyingi ni ya kimeo. Katika maeneo mengi ya Tanzania mtoto akikohoa muda mrefu hupelekwa kwa fundi akakatwe kimeo, au kilimi kama wengine wasemavyo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mzazi akisikia "tunaingiza kitu kooni" anaona kisu. Kwa hiyo usieleze kwa mdomo tu. Fungua kijiti kimoja mbele yao, kipitishe mikononi, halafu umpime koo mwalimu mmoja aliyekubali, hapohapo mbele ya mkutano. Baada ya hapo fomu za ridhaa zinarudi zimesainiwa.

Sahihi ya mzazi haitoshi. Siku yenyewe mtoto naye anaulizwa, na akisema hapana ni hapana. Usimruhusu mwalimu kusimama nyuma yake na fimbo.

Hatua ya 3: Watoto wangapi, na wachaguliwe vipi

Kanuni ya kawaida ya sampuli ni 1.96 mara 1.96, mara uwiano unaoutarajia, mara moja ukitoa uwiano huo, kisha gawa kwa kipeo cha pili cha kosa unalolivumilia. Ukitarajia asilimia 10 na ukivumilia kosa la asilimia 3 juu na chini, unapata watoto 385. Lakini watoto wa shule moja wanafanana, kwani wanapumuliana darasani, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 upate 578. Ongeza nafasi ya asilimia 10 watakaokosekana au kukataa: 642. Ukizigawa kwa shule 8 ni watoto 81 kila shule. Shule zichaguliwe kwa bahati nasibu, zile kubwa zikipewa nafasi kubwa zaidi.

Ndani ya shule tumia daftari la mahudhurio. Shule ina wanafunzi 972? Gawa kwa 81, ni 12. Chagua namba yoyote kati ya 1 na 12 kwa kuokota karatasi, anzia hapo, kisha kila wa 12. Mwalimu atataka kukuletea watoto aliowachagua yeye, wenye sare zilizopigwa pasi. Mshukuru, halafu rudi kwenye daftari.

Kwa hesabu ya ubebaji, waweke kando wenye homa au maumivu ya koo siku hiyo au ndani ya wiki 2 zilizopita, pamoja na waliotumia antibiotiki ndani ya mwezi mmoja. Anayeumwa siku hiyo anaandikiwa rufaa, haambiwi arudi darasani tu.

Kuhusu antibiotiki, swali "Je, umetumia antibiotiki?" halikupi kitu. Mzazi anajua vidonge vya rangi mbili, anajua dawa ya maji ya waridi ya watoto, anajua septrini. Beba pakiti tupu na chupa za dawa zinazouzwa kwenye maduka ya eneo hilo uzipange mezani, aonyeshe kwa kidole. Tulipoanza kufanya hivyo, idadi ya waliokiri kutumia dawa iliongezeka palepale.

Hatua ya 4: Vifaa

Swabu, yaani vijiti vya kuchukulia sampuli, zenye kichwa cha rayoni au poliesta, vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi, tochi ya kichwani, glavu, barakoa, mirija ya kusafirishia yenye jeli ya Amies inayowatunza bakteria hai njiani, lebo zisizobanduka kwa unyevu, boksi la baridi lenye kipimajoto, mifuko ya taka hatarishi, ndoo, maji na sabuni. Beba swabu zaidi kidogo ya hesabu. Kuna mtoto atakayeiuma ikakatika.

Hatua ya 5: Mbele ya koo

Fika kabla ya uji. Hili naliweka juu ya mambo yote ya siku hiyo. Shule nyingi watoto hunywa uji mapumziko ya saa nne. Ukiwapima baada ya hapo, yule wa tatu atatapika, na foleni nzima iliyokuwa inachungulia dirishani itatawanyika. Walio na kitu tumboni wasubiri angalau nusu saa.

Chagua chumba chenye dirisha kubwa. Mtoto akae akitazama mwanga, wewe ukae kidogo pembeni, si moja kwa moja mbele ya mdomo wake, ili kikohozi kikupite. Andika namba na ubandike lebo kwenye mrija kabla hujafungua swabu. Mpangilio wa kinyume umewahi kutuletea mirija miwili isiyo na lebo na watoto wawili wa darasa la tatu wenye jina moja, na hapakuwa na la kufanya ila kuitupa yote miwili. Lebo ina namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina inakaa kwa mtu mmoja, kwenye bahasha yake.

Kisha:

1. Mwambie mtoto kwa lugha yake: "Fungua mdomo, sema aaa kama unamwita mtu wa mbali. Utasikia kama unataka kutapika kidogo, halafu basi." Usimwambie haitamkera. Itamkera, naye atawaambia walioko kwenye foleni kwamba wewe ni mwongo.

2. Tazama kwanza bila kugusa. Findofindo zimevimba? Kuna usaha? Kimeo kipo, au kilikatwa? Andika. Mtoto anayetoa mate yasiyomezeka, anayeshindwa kufungua taya, au anayepumua kwa mkoromo usimguse koo kabisa. Huyo ni wa hospitali sasa hivi.

3. Kandamiza ulimi kwa mbao, sehemu ya mbele na ya kati tu. Ukienda nyuma sana anakaba mara moja na hutaona kitu.

4. Ingiza swabu bila kugusa ulimi, meno wala mashavu. Sugua findofindo la kulia huku ukiizungusha swabu, pitia ukuta wa nyuma wa koo, malizia findofindo la kushoto. Sugua, usipapase. Mkono mwepesi wa huruma huleta majibu ya uongo, kwa sababu mbebaji ana bakteria wachache kuliko mgonjwa, na ukipapasa unaokota mate.

5. Toa kwa njia uliyoingilia, ingiza kwenye mrija, vunja kijiti, funga. Yote hii ni sekunde tano au zaidi kidogo.

6. Glavu na mbao mpya kwa kila mtoto. Mpe maji anywe.

Akikaba mara mbili, muache. Ukimlazimisha mmoja umewapoteza kumi walio nje.

Wakati mtoto anakunywa maji, mwenzako atazame miguu na mikono yake. Bakteria huyu hukaa pia kwenye vidonda vya ngozi na upele uliokunwa ukachubuka, na katika nchi za joto hilo si jambo dogo. Aandike kama vipo. Aulize pia wanalala wangapi chumba kimoja.

Hatua ya 6: Njiani

Mirija iingie kwenye boksi la baridi, nyuzi 2 hadi 8, na ifike maabara siku hiyohiyo. Saa 24 ndio mwisho ninaoukubali kwa jeli ya Amies. Barafu isiguse mirija. Kama shule iko mbali na maabara kiasi kwamba huwezi kurudi siku hiyo, kuna njia ya zamani ambayo wengi wameisahau: swabu kavu ndani ya pakiti yenye silika jeli. Streptokoka wa kundi A huvumilia ukavu kwa siku nyingi, wakati bakteria wengi wa kooni wanakufa. Ila jaribuni kwanza na bakteria mnaowajua kabla ya kuitegemea.

Hatua ya 7: Kuotesha na kutambua

Kila kitu hapa kinategemea damu. Agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, yenye asilimia 5 ya damu ya kondoo ndiyo inayotakiwa. Najua kishawishi kilivyo: benki ya damu ina chupa zilizokwisha muda, na kondoo hana mtu wa kumchunga. Damu ya binadamu iliyokwisha muda inaweza kuwa na antibiotiki za mchangiaji, ina kingamwili dhidi ya streptokoka, na ina dawa ya kuzuia kuganda, na vyote hivyo vinaweza kuharibu ukuaji au ule uangavu unaoutafuta pale bakteria wanapoiyeyusha damu. Damu ya kondoo ina faida nyingine, nayo ni kumzuia Haemophilus haemolyticus, ambaye kwenye damu nyingine huyeyusha kwa namna inayofanana na kundi A. Tafuteni kondoo. Kwenye kila toleo la sahani mpya oteshea bakteria wa rejea ATCC 19615. Asipotoa uangavu, sahani zote za toleo hilo zinatupwa.

Viringisha swabu kwenye robo ya sahani, tawanya kwa kitanzi, na mwisho choma agari mara mbili tatu kwa pembe, ili baadhi ya bakteria waote chini kusiko na oksijeni. Hapo uangavu huonekana vizuri zaidi. Weka nyuzi 35 hadi 37 penye hewa ya ukaa asilimia 5. Kama hamna inkubeta ya namna hiyo, mtungi wa mshumaa unafaa: panga sahani, washa mshumaa mweupe usio na manukato, funika, uache uzimike wenyewe.

Soma baada ya saa 18 hadi 24, kisha soma tena saa 48. Usomaji wa pili ndio watu huuruka Ijumaa jioni, na ndio unaowakamata wabebaji wenye bakteria wachache.

Inua sahani uitazame dhidi ya taa. Unatafuta koloni (rundo la bakteria walioota pamoja) ndogo, ya kijivu na ing'aayo kidogo, iliyozungukwa na duara angavu kabisa, kama mtu ameifuta damu kwa kidole, na duara hilo ni pana kuliko koloni lenyewe mara kadhaa. Ukijani si huyu. Hao ni streptokoka wa kawaida wa kinywani, nao watajaa sahani. Koloni unaloshuku lioteshe peke yake kwenye sahani nyingine mpaka liwe safi. Vipimo kwenye mchanganyiko vimewahi kunipotezea wiki nzima.

Likishakuwa safi, anza na kipimo cha katalesi, kimeng'enya kinachotoa povu kwenye tone la hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Streptokoka hatoi povu, stafilokoka anatoa. Kuwa mwangalifu usichote agari pamoja na koloni, kwa sababu chembe nyekundu za damu zina katalesi zake na zitatoa povu la kukudanganya. Kisha PYR, kipimo cha kimeng'enya kingine, ambayo hugeuka nyekundu ndani ya dakika moja hivi kwa kundi A. Kisha lateksi, kipimo kinachoonyesha bakteria ni wa kundi lipi kati ya makundi ya Lancefield. Kidonge cha basitrasini cha yuniti 0.04 ni rahisi na bado kinatumika, ila baadhi ya kundi C na G nao huzuiwa nacho, kwa hiyo peke yake kinabashiri tu. Lateksi nayo ina mtego wake: streptokoka wengine wa koloni ndogo sana wana alama ya kundi A bila kuwa pyogenes. PYR yao haigeuki. Ndiyo maana nataka vyote viwili vikubaliane.

Kundi C na G utawapata pia. Waandike kwa safu yao, usiwachanganye na A, wala usiwatupe.

Vipimo vya haraka vya dakika kumi siviwekei imani kwa kazi hii. Vilitengenezwa kwa mgonjwa mwenye bakteria wengi, na hata kwake hukosa baadhi. Kwa mbebaji vitakosa zaidi, na namba yako itatoka ndogo bila wewe kujua. Kipimo cha damu cha ASO nacho hakina nafasi hapa. Kinaonyesha mwili uliwahi kukutana na streptokoka, hakisemi yupo kooni leo. Nimeona watoto waliochomwa sindano miezi kadhaa kwa sababu tu "ASO iko juu".

Usugu upimwe kwa waliothibitishwa. Penisilini mpaka sasa bado inamuua, lakini ipimwe, kwa sababu siku jibu likiwa tofauti lazima kwanza ushuku kwamba umemtambua vibaya bakteria. Erithromisini na klindamisini ziwekwe kwenye sahani moja zikikaribiana, uone kama duara la klindamisini linapondeka upande mmoja likawa kama herufi D. Hapo klindamisini iandikwe kuwa haifai.

Hifadhi kila aliyethibitishwa kwenye mirija miwili ya maziwa yasiyo na mafuta yenye gliseroli, nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi, na mirija hiyo isikae friza moja. Umeme ukikatika wikendi utanikumbuka.

Hatua ya 8: Hesabu

Tuseme mmepima 600 wanaostahili, 58 wana kundi A. Hiyo ni asilimia 9.7. Usiishie hapo. Kwa kuzingatia kwamba watoto wametoka kwenye makundi ya shule, kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 6.8 na 12.6, na mpaka huo uandikwe pembeni ya namba kila inapotajwa, hata kwenye taarifa ya mkurugenzi. Gawa kwa umri na kwa shule. Shule moja ikipanda juu mno kuliko nyingine, kabla hujaandika chochote rudi ukaangalie nani alishika swabu siku hiyo, na wapi.

Hatua ya 9: Kurudi shuleni

Majibu hayasomwi kwa sauti mbele ya darasa, wala hayapewi mtoto aende nayo nyumbani mfukoni. Mzazi anaitwa, anakaa, na anaambiwa na mtu aliyefanya mazoezi ya maneno hayo. Ya kwangu siku hizi ni haya: "Mama, mwanao haumwi. Kooni kwake tumemkuta bakteria ambaye watoto wengi wanaye na wanaishi naye salama. Dawa leo haimsaidii. Lakini yeye au mdogo wake akianza kuumwa koo na homa, usisubiri ipoe yenyewe, mpeleke kituo siku hizohizo za mwanzo. Na naomba nikuulize: kuna mtu yeyote nyumbani aliyewahi kuvimba magoti bila kuanguka, au anayechoka haraka akipanda mlima, au aliyeambiwa moyo wake una shida?"

Swali hilo la mwisho liulizwe kwa kila mzazi, hata wa mtoto asiyekutwa na kitu. Safari moja baba aliyekuja kuchukua jibu la binti yake, ambalo halikuwa na bakteria, alinyamaza kidogo, kisha akasema kaka wa binti huyo ameacha shule tangu mwaka juzi, magoti yalikuwa yanapokezana kuvimba na sasa akilala chali anakosa pumzi. Kijana hakuwa kwenye daftari la shule, kwa hiyo asingeweza kamwe kuangukia kwenye kila wa 12. Tuliandika rufaa palepale juu ya meza ya mwalimu, na dereva akampitia nyumbani kabla hatujapakia vifaa.